Maswali ya Wasomaji: Vitu vya Zamani na vya Mitumba kwa Harusi ya Nyumbani

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanaojiandaa kufanya harusi nyumbani badala ya ukumbini, na wanaotaka kuipamba kwa vitu vilivyokwisha kutumika: vilivyorithiwa, vya kuazima, na vilivyonunuliwa kwa wauza mitumba. Tumezifupisha barua hizo na kuyaondoa majina.

SWALI: Harusi yetu itafanyika uani kwa mama mkubwa, na wageni watakuwa kama 120. Kamati inataka tumkodi mpambaji, ilhali mimi na mwenzangu tunapenda vyombo na vitambaa vya zamani tutakavyokusanya kidogo kidogo. Tumebakiwa na miezi sita. Tuanzie wapi? (Bibi harusi mtarajiwa, Tanga)

JIBU: Kabla ya kwenda sokoni, kaeni na kalamu mwandike jinsi siku yenyewe itakavyokwenda, tangu mgeni anapoingia uani mpaka anaponawa mikono na kuaga, kisha mbele ya kila hatua mwandike chombo kitakachofanya kazi hiyo. Orodha ya namna hii hupunguza tamaa sana, maana buli la shaba lisilo na kazi siku ya harusi ni afadhali libaki kwa muuzaji hata likiwa zuri namna gani.

Kwa wageni 120 wanaokula watu wanne kwa sinia moja mnahitaji sinia 30, pamoja na tatu au nne za akiba. Mkitaka kila mtu awe na sahani yake, ni sahani 120 na nyingine kumi za kufidia zitakazovunjika. Hesabu hiyo peke yake inatosha kuamua mambo mengi, kwa kuwa sinia 30 za zamani mtazipata ndani ya ukoo mpana mkizunguka nyumba kwa nyumba, lakini sahani 120 za udongo za zamani mtazitafuta mpaka mchoke nyinyi na mfuko wenu. Ushauri wangu ni sinia. Turubai, viti na masufuria makubwa ya pilau yakodiwe, wala msione haya kukodi, kwa sababu vitu hivyo havina uzuri wowote unaoongezwa na umri.

Hatua ya pili ni kuazima, nayo ina adabu yake. Mwende wenyewe kwa shangazi, kwa mama wadogo na kwa majirani, msitume mtoto, na mwombe kwa kutaja kitu: sinia mbili, mrashi, chetezo, mkeka wa wageni. Mtu akiombwa kitu chenye jina hukumbuka kilipo. Akiambiwa tu kwamba mnakusanya vitu vya zamani, atawapa vile alivyokuwa akitafuta pa kuvitupa.

Soko liwe la mwisho, la kuziba mapengo. Wenye uzoefu wa Karume, Dar es Salaam, au wa Memorial, Moshi, huwahi asubuhi siku ya kufunguliwa mzigo mpya, kwa sababu mapazia mazito, mashuka ya pamba na vitambaa vya meza vyenye tarizi huchaguliwa mapema na mafundi wanaojua thamani yake. Msitafute vinavyofanana kwa nakshi, hamtavipata. Chagueni rangi mbili, tuseme nyeupe na buluu, kisha mchukue chochote kilichomo ndani ya rangi hizo. Vikombe vya aina thelathini tofauti vikipangwa kwa rangi mbili juu ya meza moja huonekana vimekusudiwa, na kamati yenu itakapoviona vimepangwa hivyo siku ya majaribio, huenda suala la mpambaji likaisha lenyewe.

SWALI: Bibi ameniachia kanga nyingi za zamani, baadhi zikiwa kisutu, na zilikuwa sandukuni kwa miaka mingi. Zimefanya kawa na zina harufu ya naftalini. Je, nizikate niwe na vitambaa vidogo vya kufutia mikono kwa kila mgeni? (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Usizikate. Kanga ikishakatwa imepoteza pindo na mji wake, yaani sehemu ya kati, na hakuna fundi atakayekurudishia. Vitambaa vya mikono vipo tele mitumbani kwa bei ndogo. Kanga za bibi ni nguo za meza zilizokwisha kuwa tayari. Kanga moja ina urefu wa kama mita 1.5 na upana unaozidi kidogo mita moja, kwa hiyo doti moja, ikitandikwa kanga mbili zikikutana katikati, inafunika meza ndefu ya futi nane na kuning'inia kiasi cha sentimita 30 kila ncha. Meza kumi zitakula doti kumi, na kisutu ningekiweka meza ya maharusi, au akivae bibi harusi mwenyewe, kwa kuwa nyekundu, nyeusi na nyeupe yake ni rangi za harusi ya pwani tangu zamani.

Kabla ya kuzifua, zitazame ukingoni kama zina chapa ya kiwanda au ya mfanyabiashara. Ukikuta "Mali ya Abdulla", hiyo ni chapa ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo lilianza mwaka 1887 na bado linatoa kanga hadi leo. Chapa pekee, basi, haikwambii umri. Ukikuta ya Urafiki, kanga hiyo haiwezi kuwa na umri kupita mwaka 1968, kwa kuwa ndipo kiwanda hicho cha Dar es Salaam kilipofunguliwa. Zile zenye maneno kwa herufi za Kiarabu ziweke kando na kuzipa heshima zaidi, kwa sababu herufi za Kilatini ndizo zilizokuja baadaye na kutawala.

Kufua kunataka subira. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa, kibane juu ya pembe ya kanga kwa dakika chache, kisha utazame kama kimeshika rangi. Isiyochuja ifuliwe kwa maji baridi na sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini. Inayochuja ifuliwe peke yake, haraka, isirundikwe mbichi. Wengi huloweka kanga kwenye maji ya chumvi wakiamini kwamba rangi itashika, lakini rangi iliyokwisha kutiwa kiwandani haishikishwi na chumvi ya jikoni. Harufu ya naftalini hutoka kwa upepo wa siku kadhaa, na ukisha kuzianua, zifukize udi kama ambavyo bibi angefanya.

Jambo moja zaidi: soma jina la kila kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kuitandika, na umpe mtu mzima asome pia, kwa sababu bibi huenda aliinunua mojawapo kwa ajili ya kumsuta jirani, na wageni wa upande wa bwana harusi, wakishakaa kungojea pilau, hawatakuwa na kazi nyingine ila kusoma.

SWALI: Nimepata gauni jeupe la harusi katika soko la Gikomba kwa bei nzuri sana, ila lina madoa ya manjano kwapani na alama za kahawia kwenye pindo. Halina lebo, na kifuani linanibana. Je, nimetupa pesa? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Inategemea kitambaa, na kitambaa unaweza kukijua mwenyewe. Chomoa nyuzi chache kutoka ndani ya mshono, zishike kwa koleo juu ya sahani na uziwashe mbali na gauni. Zikiyeyuka na kuacha punje ngumu, ni poliesta au nyuzi nyingine za kiwandani. Zikinuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, ni pamba au jamaa yake. Zikinuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika kati ya vidole, umebahatika, ni hariri. Fanya jaribio hilo kwa bitana pia, maana mara nyingi bitana si kitambaa kile kile.

Madoa ya kwapani ni jasho na dawa za kuzuia jasho. Kwa poliesta na pamba nyeupe, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa duka la dawa: ijaribu kwanza mahali palipofichika, kisha ipake juu ya doa, iache kwa nusu saa, usuuze. Usithubutu kutumia jiki, kwa sababu klorini huitia hariri umanjano mbaya zaidi na kuidhoofisha, na poliesta nayo haipendezwi nayo. Alama za kahawia kwenye pindo huenda ni soda au mvinyo uliomwagika katika harusi ya mwenye gauni wa kwanza: sukari iliyokauka bila kuonekana hugeuka rangi kadiri miaka inavyopita, na joto huharakisha jambo hilo. Kwa hiyo usilipige pasi kabla ya kulifua. Gauni la hariri, au lenye shanga nyingi zilizobandikwa kwa gundi, mpelekee dobi anayesafisha nguo kwa dawa bila maji, na umwambie mapema kitambaa ni nini na madoa yako wapi. Mafuta ya kuondolea rangi ya kucha yasisogee karibu: yana asetoni, na ikiwa bitana ni ya asetati, nyuzi za kiwandani zinazofanana na hariri, itatoboka mbele ya macho yako.

Kuhusu kubana, kugeuza gauni kubwa kuwa dogo ni kazi ya siku moja kwa fundi mzuri, lakini dogo kulifanya kubwa kunategemea kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono. Ligeuze ndani nje utazame. Ukikuta upana wa kidole tu kila upande, mwombe fundi aondoe zipu ya mgongoni, aweke vitanzi na kamba ya kufungia, na ashone kipande cha kitambaa nyuma yake. Hapo unapata sentimita kadhaa bila kuharibu kifua, na ikiwa utashiba kabla ya picha, kamba inalegezwa. Urefu usikutishe, kwa kuwa magauni hayo hukatwa kwa ajili ya viatu virefu. Wasomaji wengine wajue pia kwamba namba za magauni ya harusi ya Ulaya na Marekani hazilingani na za nguo za kawaida, basi waende sokoni na futi ya fundi, wala si na namba kichwani.

Kwa maoni yangu hukutupa pesa, mradi ulilipa kidogo kiasi kwamba bei yako, ya dobi na ya fundi zikijumlishwa bado ziko chini ya bei ya kukodi. Piga hesabu hiyo kabla hujampa fundi chochote.

SWALI: Nataka kasha la zamani la kuwekea zawadi na bahasha, ambalo baadaye litabaki chumbani kwetu. Muuzaji anasema lake lina miaka 200. Anauza pia kiti cha enzi chenye vipande vyeupe anavyosema ni pembe, tukalie siku ya harusi. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kiti hicho kiache. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilizuiwa kwa uamuzi wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, mwaka 1989, na Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inaadhibu vikali kumiliki nyara bila kibali, awe mmiliki anaoa au haoi. Huenda vipande hivyo ni mfupa tu, ambao ukiutazama kwa kioo cha kukuzia utaona vitundu au vistari vidogo vyeusi, wakati pembe halisi iliyokatwa upande huonyesha mistari inayopishana. Lakini ikiwa muuzaji mwenyewe anaiita pembe, wewe huna sababu ya kuinunua ili uthibitishe kwamba amekosea. Kuna maseremala wa Lamu wanaotengeneza viti vya namna hiyo hadi leo, navyo hukaliwa kwa amani.

Kasha ni jambo jingine. Makasha mengi ya pwani yalikuja kwa majahazi kutoka Bara Hindi na Ghuba, na mengine yalitengenezwa na bado yanatengenezwa Lamu na Unguja, kwa hiyo kasha linaweza kuwa zuri kabisa na lenye umri wa miaka mitano. Litazame mahali ambapo muuzaji hapang'arishi: chini, mgongoni, ndani ya visanduku vidogo. Shaba ya zamani haikuchakaa sawasawa, bali imelainika penye mkono na kuwa nyeusi penye kona. Iliyopakwa dawa ya kuizeesha ni nyeusi kila mahali kwa kiasi kile kile. Ukiona skrubu zenye kichwa cha msalaba, kumbuka kwamba zilianza kuuzwa katika miaka ya 1930, kwa hiyo kasha hilo lilitengenezwa, au angalau lilifanyiwa matengenezo, baada ya hapo. Piga ubao kwa kiganja, na kukidondoka unga mpya, dumuzi wamo na wanaendelea na kazi.

Hayo yote yakusaidie kupunguza bei zaidi kuliko kuthibitisha miaka. Kwa harusi unahitaji kasha lenye kifuniko kinachofunga, kufuli inayofanya kazi, na tundu la kupitishia bahasha kifuniko kikibaki kimefungwa, maana bahasha zitakuwamo ndani. Bei ya miaka 200 ilipwe na anayeitaka miaka hiyo. Na ikiwa kuna ndugu anayetaka kulichukua ng'ambo baada ya sherehe, aulize kwanza Makumbusho ya Taifa ya Kenya kuhusu kibali, kwa kuwa vitu vya kale havitolewi nchini bila hicho.

SWALI: Shangazi yangu wa Maskati ameniletea mkufu wenye riale kubwa ya fedha iliyoandikwa 1780. Nimeambiwa ni mali ya makumbusho, naogopa kuuvaa. (Bibi harusi, Unguja)

JIBU: Uvae bila hofu. Hiyo ni sarafu ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka huo wa 1780, na tangu wakati huo sarafu hiyo imeendelea kupigwa kwa karne mbili na zaidi bila kubadilishwa mwaka ulioandikwa, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Ghuba na pwani yetu waliamini sura ile ile tu. Yako inaweza kuwa ya karne ya kumi na tisa au ya juzi. Iliyo halali ina uzito wa gramu 28 hivi na fedha kiasi cha sehemu 833 katika elfu, na sonara anaweza kukupimia ikiwa haikuunganishwa kwa risasi kwenye mkufu. Mng'ariso wa kupita kiasi usifanywe. Fedha iliyopangusiwa kwa kitambaa laini inapendeza kuliko iliyosuguliwa mpaka nakshi ikafutika.

SWALI: Tumekusanya mabakuli ya bati yenye maua, birika za shaba na sahani za udongo za zamani. Je, ni salama kulia chakula? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Si vyote. Bati la rangi lililobanduka ndani, hata kidogo, lisiwekewe chakula, kwa kuwa vipande huendelea kubanduka na kuingia kinywani. Litumieni kwa maua au kwa kunawia. Shaba iliyotiwa bati ndani ambayo bati lake limeisha isiwekewe chochote chenye ukali, iwe ni juisi ya ukwaju, achari au maji ya ndimu, kwa sababu tindikali huyeyusha shaba na tumbo la mgeni hulijua jambo hilo usiku huo huo. Mkitaka ing'are kwa nje, ukwaju huo huo au ndimu na chumvi vinatosha, kisha isuuzwe na ikaushwe mara moja.

Sahani za udongo za zamani zenye rangi kali juu ya ung'aro huweza kuwa na madini ya risasi, hasa zile ambazo nakshi yake inahisika kwa kidole. Biskuti kavu na tambuu hazina neno juu yake, lakini mchuzi na saladi yenye siki havifai. Ndiyo maana nimemwambia msomaji wa Tanga aende na sinia.

SWALI: Karabai za babu zipo mbili na chemli saba. Tunaweza kuwasha zote chini ya turubai? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Chemli zitungikwe nje ya turubai, njiani, juu kuliko kimo cha mtoto, na awekwe kijana mmoja asiye na kazi nyingine. Karabai ziwashwe tu na mtu aliyewahi kuziwasha. Vitambaa vya kuwakia vya zamani vikikutwa ndani ya kisanduku visiguswe ovyo, kwa kuwa vingi vilitiwa thori, madini yenye mionzi. Nunueni vipya visivyo nayo. Chini ya turubai wekeni taa za umeme ndani ya chemli zilizobaki.

SWALI: Mama mkwe mtarajiwa anasema vitu vya mitumba vitawaaibisha, kwamba watu watadhani familia yake haina uwezo. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Usibishane naye kwa hoja ya gharama, kwa sababu gharama ndiyo hasa anayoiogopa isemwe. Mwombe kitu chake. Mama akiona birika lake la arusi ya mwaka fulani liko meza ya mbele, na kila anayepita anaulizwa kama analijua, hoja hubadilika. Na kama bado hataki, mpe meza ya wazee aipambe apendavyo, hata ikiwa ni kwa maua ya plastiki. Uani kuna nafasi ya kutosha. Kuhusu nguo, mhakikishie kwamba kitakachokugusa mwili moja kwa moja ni kipya, na hapo ana haki: nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania kwa sababu za kiafya.

SWALI: Baada ya harusi tutazirudishaje sinia za watu bila ugomvi? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Siku ya kuazima, pakeni chini ya kila chombo nukta ya rangi ya kucha, kila nyumba na rangi yake, na muandike daftarini nani ametoa nini pamoja na mikwaruzo na mibonyeo iliyokuwapo. Sinia za aluminiamu zote hufanana zikishaoshwa usiku wa manane na watu waliochoka. Kesho yake virudishwe kabla ya saa kumi jioni, vikavu, na kila sinia iwe na kitu juu yake, pilau iliyobaki au kaimati, kwa kuwa sinia hairudishwi tupu. Kilichovunjika kitajwe mlangoni kabla mwenyewe hajahesabu, na kilipwe kwa kitu cha namna hiyo hiyo kutoka sokoni. Vile mlivyonunua wenyewe na hamvihitaji, muulizeni kwanza binti anayefuata kuolewa katika mtaa wenu. Asipokuwapo, muuzaji aliyewauzia kwa kawaida hukubali kuvinunua tena kwa bei pungufu, mkimletea vikiwa safi.